Olaranyani Bila Waitikiaji: Mashine, Koo na Huzuni katika Albamu ya X Plastaz, Maasai Hip Hop (2004)

Ikisiri

Uhakiki wa nyimbo za kizazi kipya nchini Tanzania umezoea kuyatoa maneno ya wimbo katika sauti yake, kuyaandika, kisha kuyasoma kama shairi. Makala hii inadai kwamba njia hiyo haitoshi kueleza kwa nini Maasai Hip Hop, albamu ya kundi la X Plastaz la Arusha, inamgusa hata msikilizaji asiyeelewa maneno yake yote. Hisia nzito ya albamu hiyo inatokana na mahali ambapo mdundo wa kielektroniki umekalia kiti cha waitikiaji katika uimbaji wa Kimaasai, na mahali ambapo Kiswahili cha mtaani kimeiacha dhiki bila faraja yake ya kimethali.

1.0 Mahali pa kusikilizia

Kwa Mrombo ni jina linalojieleza. Kimuundo linamtaja mtu wa Rombo, mtoka Kilimanjaro aliyefika kusini mwa Arusha, na mahali pakabaki kuwa pake. Leo anayekwenda Kwa Mrombo huenda zaidi kwa ajili ya nyama choma. Akiwa ameketi akingoja sahani yake, msikilizaji makini atasikia Kiswahili kwanza, kisha Kichaga cha lafudhi kadhaa, Kimeru, na Kimaa cha Wamaasai na cha Waarusha wa miteremko ya Meru. Juu ya sauti hizo zote hulia spika. Hakuna anayesikia kila neno, wala hakuna anayeona kwamba hajasikia.

Hali hii ya kusikia nusu na kuelewa zaidi ya nusu ndiyo inayofaa kuanzia mjadala wa Maasai Hip Hop. Kundi la X Plastaz lilianzishwa Arusha mwaka 1996, na vijana wake wametambulishwa daima kwa mtaa wa Ungalimited, uliopata jina kutokana na kampuni ya kusaga nafaka, na ulio upande uleule wa kusini wa jiji. Baadaye Merege, mwimbaji wa Kimaasai, alijiunga na waghani wa Kiswahili, akiwamo Gsan na Faza Nelly. Albamu yao ilitolewa na Out Here Records ya Ujerumani mwaka 2004, wakati ambapo muziki wa kizazi kipya ulikuwa umekwisha kuiteka redio ya Tanzania huku Dar es Salaam ikijiona kuwa ndiyo nchi nzima. Albamu ya Arusha ilikuja na baridi yake. Hata katika nyimbo zake za kujigamba, kama Bamiza, kuna uzito ambao muziki wa pwani wa miaka ileile haukuwa nao.

Huenda msomaji akasita kuona hip hop ikiingizwa katika muziki wa kielektroniki. Hapa istilahi hiyo inatumiwa kwa maana yake pana: muziki ambao mdundo wake umepangwa na mashine, ukajirudia kwa kipimo kimoja, na ambao umezaliwa studioni na si katika kusanyiko. Kwa maana hiyo hip hop ya Tanzania ni ndugu mkubwa wa singeli, ambayo dunia ilianza kuisikiliza kwa makini baada ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala kutoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017. Tofauti yao ni mwendo. Singeli, kwa mapigo yanayozidi 200 kwa dakika, huikimbiza dhiki hadi isipate nafasi ya kusema. Maasai Hip Hop inatembea, na dhiki inatembea nayo.

2.0 Kasoro ya kuusoma wimbo kama karatasi

Wahakiki waliotangulia wamefanya kazi isiyopaswa kubezwa. Omari (2009) alizichambua nyimbo za hip hop za Tanzania kama fasihi pendwa, akazipatia heshima katika chuo ambacho ushairi ulikuwa bado ukipimwa kwa mizani na vina. Reuster-Jahn na Kießling (2006) walikusanya msamiati wa lugha ya mitaani kwa upana ambao haukuwa umepata kuonekana. Thompson (2008) aliichunguza hip hop ya Kimaasai yenyewe, akiuliza nani anawakilisha uhalisi wa Mmaasai na kwa namna gani. Kazi hizi zimejibu maswali ya tanzu, ya msamiati na ya utambulisho. Swali la hisia limepita katikati yao bila kuguswa: kwa nini albamu hii inahuzunisha?

Si kwamba nyenzo hazikuwapo. Mulokozi (1989) alikwisha kusisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio, nalo lina fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati, na kwamba kuondoa kimojawapo ni kubadili kitu chenyewe. Wahakiki wengi wa hip hop hunukuu kauli hii katika utangulizi, kisha katika uchambuzi wanarudi kwenye beti zilizochapwa. Ni tabia ya kitaaluma inayoeleweka, kwani karatasi haibishi. Lakini albamu ya kielektroniki inaitikisa nadharia ya Mulokozi mahali penye kuvutia zaidi. Fanani anaimba mbele ya hadhira isiyokuwapo, mahali ambapo hapatasikika, katika wakati utakaorudiwa kila kitufe kibonyezwapo. Badala ya kusema kwamba hilo si fasihi simulizi, au kwamba ni fasihi simulizi vilevile, mhakiki angefaidika kuuliza ni kijenzi gani hasa cha tukio kimenyamazishwa na nini kimewekwa badala yake. Katika Maasai Hip Hop jibu liko wazi kuliko katika albamu nyingi. Kilichoondolewa ni waitikiaji.

3.0 Koo na mashine

Uimbaji wa jadi wa Wamaasai hautegemei ngoma. Yapo mapembe yanayopulizwa katika sherehe maalumu, lakini mwili wa muziki wenyewe ni sauti za watu. Olaranyani, kiongozi wa wimbo, hutupa mstari wake juu, na rika lake humpokea kwa mngurumo wa kooni unaokwenda na pumzi, ndani na nje, hadi pumzi yenyewe inakuwa kipimo cha wimbo. Mngurumo huo hufanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na ngoma. Tofauti ni kwamba ngoma hupigwa na mkono mmoja au miwili, ilhali mngurumo huu ni rika zima linalohema pamoja. Olaranyani anaweza kuimba kwa uhuru, kuchelewa, kukata mstari, kwa kuwa anajua chini yake pana watu.

Sasa na asikilizwe Merege katika Msimu kwa Msimu. Sauti yake imebaki ya olaranyani: inaanzia juu, inashuka kwa kuvunjikavunjika, inaacha nafasi mwishoni mwa mstari. Nafasi hiyo ndiyo kiini cha jambo. Katika uwanja wa boma ingejazwa na rika. Katika albamu inajazwa na mdundo wa mashine, ambao ulikuwapo kabla hajaanza na utaendelea kwa kipimo kilekile akinyamaza. Mashine haihemi, wala haichoki pamoja na mwimbaji, wala haimsubiri. Inaitika kwa usahihi ambao hakuna rika la binadamu lingeweza kuufikia, na usahihi huo ndio unaotisha. Msikilizaji wa Kwa Mrombo asiyejua neno moja la Kimaa hahitaji kuelezwa kwamba mtu huyu anaimba peke yake, kwa sababu upweke huo uko katika muundo wa wimbo kabla haujafika kwenye maana ya maneno.

Inawezekana kupinga usomaji huu kwa kusema kwamba unamrudisha Mmaasai porini, kana kwamba mashine ni ugeni kwake na boma ndiyo nyumba yake ya pekee. Pingamizi hilo lina nguvu na halipaswi kupuuzwa katika mji ambao mlinzi wa Kimaasai mwenye simu mbili ni sura ya kila siku. Lakini upweke unaozungumziwa hapa haumhusu Mmaasai tu. Waghani wa Kiswahili nao wamewekwa juu ya mdundo huohuo usiohema, nao wanaacha nafasi za kuitikiwa. Wanaoachwa bila rika katika albamu hii ni vijana wa Arusha wa makabila yote waliofika mjini mmojammoja, kama yule Mrombo wa kwanza alivyofika. Merege ndiye anayeifanya hali hiyo isikike, kwa sababu jadi yake ya uimbaji ndiyo inayoonyesha kwa uwazi kitu kilichokosekana.

Hapa pia ndipo kigezo cha ubora kinapopatikana. Pale ambapo sauti ya Kimaa inapewa utangulizi na kiitikio tu, inakuwa nakshi: shanga zilizovishwa wimbo ambao ungeweza kusimama bila hizo. Pale inapoendelea chini ya ughani wa Kiswahili, ikigombea nafasi nao, inakuwa msemaji wa pili katika mazungumzo ambayo wa kwanza hayasikii vizuri. Msimu kwa Msimu unapita mtihani huu kwa kishindo. Albamu kwa ujumla haipiti kila mara, na ni haki kusema hivyo. Mhakiki wa Kiswahili naye ana mtihani wake: akiita sehemu za Kimaa ala au rangi, atakuwa amewafanya wasikilizaji wa Kimaa walioketi meza ya jirani wasiwepo. Wao wanasikia maneno. Albamu hii ina hadhira mbili zinazokaa benchi moja na kupokea nyimbo mbili tofauti, na hakuna tafsiri inayoweza kuzifanya ziwe moja.

4.0 Tesa, dhiki, msimu

Lugha ya Kiswahili ya albamu hii ni ya mitaani, lakini vichwa vya nyimbo zake vinaonyesha sikio la kishairi ambalo wanamapokeo wenyewe wangelitambua, kama wangekubali kulitega.

Kutesa kwa Zamu ni mfano ulio bora kuliko yote. Katika Kiswahili sanifu kutesa ni kumtia mtu maumivu. Katika lugha ya vijana neno hilohilo lina maana ya kuponda raha, kutamba, kuishi kwa fahari machoni pa watu. Wanaisimu huweza kulieleza badiliko hili kwa haraka kama upanuzi wa maana. Lakini badiliko hili lina tamko la kijamii ndani yake: anayekula raha mbele ya asiyenacho anamtesa. Raha ya mmoja imepewa jina la maumivu ya mwingine, na lugha haijasahau. Ndipo linapokuja zamu, neno la walinzi, la viwanda na la shule, neno la watu wanaopangiwa saa. Fungu zima likisikilizwa kwa maana ya mtaani ni tumaini: kila mtu atapata siku yake ya kutamba. Likisikilizwa kwa maana ya kamusi ni tishio: kila mtu atapata siku yake ya kuumiza. Hakuna alama ya kiimbo inayomlazimisha msikilizaji achague. Furaha ya wimbo na ukatili wake zimekaa katika kitenzi kimoja, na mdundo unaochezeka unazidi kuzikaza pamoja.

Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki inafanya kazi kwa njia nyingine, kwa sauti zaidi. Dhambi na dhiki ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na katika Kiarabu hayaanzi na herufi moja: la kwanza lina dhali, la pili lina dhadi. Kiswahili kimezifanya sauti hizo mbili kuwa moja, na kwa kufanya hivyo kimetengeneza takriri ambayo lugha asilia haikuwa nayo. Dhambi na dhiki sasa hugongana kama maneno ya ukoo mmoja. Wasemaji wengi wa bara hulifanya dh kuwa z, na hapo maneno hayo huzidi kuwa ya mtaani bila kutengana. Mpangilio wa maneno nao una maana. Kiulizi nini kimetangulia, kikaacha nomino zikifuatana hadi mwisho, na sentensi haina kitenzi hata kimoja. Hakuna anayetenda. Dhambi haikutendwa na mtu. Iko tu, upande mmoja wa kwa, na mwenye dhiki yuko upande wa pili.

Methali inayojulikana na kila mtoto wa shule inasema kwamba baada ya dhiki huja faraja. Kichwa cha wimbo kinalichukua neno la methali, kinaligeuza swali, na kinakoma kabla faraja haijatajwa. Ushairi wa Kiswahili una jadi ndefu ya kuiandama dhiki hadi inapopata tulizo lake, ama katika dua ama katika subira. Hip hop ya Arusha imeirithi nusu ya kwanza ya jadi hiyo na kuikataa ya pili. Inaitaja dhiki kwa lugha ya wazee kisha inaiacha ikining'inia juu ya mdundo unaojirudia, na marudio hayo yenyewe yanasema kwamba hakuna baada. Mhakiki anayetafuta ujumbe katika wimbo huu, kama mitaala inavyomfundisha kufanya, atatoka na orodha ya matatizo ya vijana. Orodha itakuwa sahihi. Haitakuwa wimbo.

Msimu ni neno la bahari. Limetoka katika mawsim ya Kiarabu, lililozitaja nyakati za pepo zilizoleta na kurudisha majahazi, na ambalo kwa njia ya Kireno liliingia pia katika lugha za Ulaya kama jina la pepo zenyewe. Arusha haina majahazi. Neno limepanda hadi Meru na kupata kazi mpya: msimu wa mvua kwa mfugaji, msimu wa watalii kwa kijana anayesubiri kazi ya kubeba mizigo mlimani, msimu wa mawe kwa dalali wa tanzanaiti. Katika msimu kwa msimu, kiunganishi kinachoweza kuonyesha mfululizo kama katika siku kwa siku kinaonyesha pia malipo, kitu kwa kitu. Sauti ya Merege inapolia juu ya maneno hayo, mfugaji na dalali wanajikuta wakingoja jambo moja.

5.0 Jina la nje na sikio la ndani

Jina la albamu lenyewe ni Kiingereza, na linatanguliza kabila mbele ya muziki. Halifichi kwamba liliwekwa kwa ajili ya rafu za maduka ya Ulaya. Tanzania ilikuwa tayari imezoea Mmaasai mwingine wa kizazi kipya, Mr. Ebbo wa Mi Mmasai, ambaye lafudhi yake ya makusudi iliwachekesha watu huku ikiwasuta. Kati ya ucheshi wa Mr. Ebbo na jina la kibiashara la X Plastaz, Mmaasai alikuwa katika hatari ya kuwa ama kichekesho ama postikadi. Kwamba albamu hii imenusurika ni kwa sababu nyimbo zenyewe hazikulitii jina lake. Hakuna wimbo kati ya hizo zilizojadiliwa hapa ambao kichwa chake kinataja kabila lolote. Vinataja zamu, dhiki na msimu, mambo ambayo Mrombo, Mmeru na Mmaasai wanaweza kuyagawana bila kuulizana asili.

Kuna ulinganisho mmoja wa nje ya Tanzania unaosaidia. Mwaka 2022 msanii wa Nairobi anayejulikana kama KMRU alitoa Temporary Stored, albamu ya kielektroniki iliyotumia rekodi za sauti za Kiafrika zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Humo sauti za watu zimezama ndani ya mashine hadi msikilizaji hana hakika kama anasikia wimbo au kumbukumbu ya wimbo. Huzuni yake ni ya ghala. Maasai Hip Hop haikukusudiwa kuwa ghala. Ilitengenezwa na vijana walio hai kwa ajili ya kuchezwa, na waghani wake walikuwa na haraka ya kesho.

Faza Nelly alifariki mwaka 2006, miaka miwili baada ya albamu kutoka. Tangu hapo nafasi anazoziacha mwishoni mwa mistari yake zimebadilika bila sauti yoyote kuguswa. Mwaka 2004 zilikuwa nafasi za mghani anayevuta pumzi kabla ya mstari unaofuata. Sasa mashine inapoziingia, kwa kipimo kilekile, inamwitikia mtu ambaye hatavuta pumzi tena, na ughani wa Gsan unaofuata unasikika kama wa mtu aliyefika uwanjani akakuta rika limepungua. Spika ikiwa imewekwa juu ya friji, na nyama ikiwa bado jikoni, wimbo hupita hadi mwisho na kuanza mwingine, na mmoja wa walioketi huendelea kuguna kwa koo kwa muda kidogo baada ya mdundo kukatika.